Mahari ya Justa Niliipulizia Kwenye Bati

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hajalisoma, nitasema kwa kifupi.

Jina langu ni Bonaventura. Mwaka 1952 nilikuwa karani wa mizani katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe. Nilinunua gari la Bwana Mluzi, kama tulivyomwita meneja wetu Mzungu, siku aliyofungasha kurudi kwao. Gari lenyewe lilikuwa la mwaka 1934. Nilikuwa Mwafrika wa kwanza katika shamba lile kuwa na gari, na wa kwanza kulisukuma.

Mzee Ponsiano wa Sindeni, baba wa mchumba wangu Justa, aliliona sokoni Korogwe alipoleta mahindi. Alilizunguka mara mbili. Rangi yake ya krimu ilikuwa imebanduka vipande vipande, na penye vipande hivyo palikuwa na kutu. Akasema mbele ya wauza mahindi wote: "Binti yangu hatatoka kwangu ndani ya debe."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, ndugu wasomaji.

Wasomaji wanne wameniandikia barua kunishauri niliuze gari hilo upesi. Asanteni sana. Mmechelewa miaka ishirini.

Basi niliamua kulipaka rangi.

Palikuwa na mtu Korogwe akiitwa Ernesti, mwandika mbao za maduka. Alilitazama gari langu akiwa bado ameshika brashi.

"Shilingi arobaini na tano, mgosi," akasema. "Keshokutwa unakuja kulichukua."

Mtu mwenye akili angemlipa pale pale. Mimi nilimtazama Ernesti, suruali yake imejaa rangi za maduka yote ya mjini, nikamwambia gari si ubao wa kuuzia chumvi.

"Haya," akasema. "Nenda kwa Habakuki akakuchune ngozi."

Nikaenda.

Fundi Habakuki alikuwa na karakana nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa amefanya kazi Tanga miaka tisa katika gereji ya Mhindi mmoja, na tangu arudi hakuna aliyemsikia akizungumza habari nyingine. Alitoka nje polepole, akafuta mikono, akasimama mbele ya gari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hili ni nini?"

"Ni gari."

"Naona lilikuwa gari."

"Nataka ulipake rangi."

"Mimi sipaki," akasema. "Kupaka ni kazi ya ukuta. Mimi napulizia."

Akanionyesha pampu yake na mpira mrefu wenye mdomo wa shaba. Akaniambia kwamba kutoka Korogwe mpaka Handeni hakuna mwingine mwenye chombo hicho. Akaanza kunihesabia kwa vidole. Rangi ya zamani ikwanguliwe yote mpaka bati lionekane. Halafu puti ya kuziba mabonde. Halafu msasa wa maji siku tatu. Halafu rangi ya kwanza, ile nyekundu ya kuzuia kutu. Msasa tena. Ndipo rangi yenyewe, mara tatu, na kila mara iachwe ikauke. Mwisho kung'arisha kwa kitambaa laini.

"Kiasi gani?" nikauliza.

"Mia mbili na themanini."

"Fundi! Gari zima nimelinunua mia sita."

"Hilo ni kosa la aliyekuuzia, au lako. Langu si hilo."

Sasa sikilizeni hesabu ya mjinga. Mshahara wangu ulikuwa shilingi mia na kumi kwa mwezi. Katika kitabu changu cha akiba cha posta nilikuwa na mia tatu kamili, nilizozikusanya kwa miaka miwili bila kula nyama siku za kazi. Lakini hizo hazikuwa zangu tena. Zilikuwa salio la mahari ya Justa.

Mshenga wangu Matayo alikwisha peleka ahadi Sindeni. Jumapili ya mwisho ya Agosti mia tatu ziwe mkononi mwa Mzee Ponsiano. Zisipokuwapo, kulikuwa na mwalimu mmoja kule Muheza, mwenye miwani na ng'ombe wawili, ambaye alikwisha tuma salamu mara mbili.

Nilijiambia nitachukua mia tatu zile na kuzirudisha kabla ya Jumapili hiyo. Kwa njia gani? Msiniulize. Hata mimi sikujiuliza.

"Rangi gani?" akauliza fundi.

"Buluu," nikasema. "Na juu krimu."

"Rangi mbili, bei mbili."

"Basi buluu tupu."

Nikamlipa mia mbili za mwanzo siku ile ile, nikarudi shambani nikitembea kwa miguu, nikijiona tayari niko ndani ya buluu yangu na Justa pembeni.

Baada ya siku kumi akaniita. Gari lilikuwa limekwanguliwa lote, limebaki bati la kijivu lenye mikwaruzo. Fundi alichukua bisibisi, akaisukuma chini ya mlango kwa kidole kimoja. Ikaingia mpaka kwenye kiti.

"Umeona?" akasema. Nasema kweli, alifurahi. "Limeoza. Rangi ndiyo iliyokuwa inashikilia gari."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ningeonaje? Rangi ilikuwa imefunika."

"Ernesti angepaka juu yake!"

"Ernesti angepaka juu ya maiti, akalipwa. Mimi nimejifunza Tanga. Hapa pakatwe, pachomelewe bati jipya, na upande wa pili pia. Ongeza tisini."

Mia tatu na sabini, ndugu wasomaji. Kwa bei hiyo ungeweza kununua baiskeli mpya, ukaipanda mpaka Sindeni ukiwa na fedha mfukoni, na mkwe angekupokea kwa chai.

Nilitoa mia iliyobaki. Kitabu cha posta kikabaki na mihuri tu.

"Mia hii inanifikisha wapi?" nikauliza.

"Inakufikisha rangi ya kwanza. Sabini zikija, nakumalizia."

Sabini hazikuja. Nilimwomba karani mkuu mkopo, akacheka. Nilimwomba tena, akawaita wenzake wacheke naye.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti nilisimama karakanani. Gari langu lilikuwa jekundu kutoka bampa mpaka bampa. Si nyekundu ya kung'aa, la, ni nyekundu iliyofifia kama tofali. Boneti nyekundu, madigadi mekundu, milango myekundu. Lakini lilikuwa laini, halina hata shimo. Machoni pangu lilikuwa zuri, na wazo likanijia. Nikasema, mzee akiona kazi ilivyofanyika, ataona hapa kuna mwanamume. Atanipa wiki tatu.

"Nalichukua kesho kwenda Sindeni," nikamwambia fundi.

Akaweka msasa chini.

"Hilo halitoki. Rangi ya kwanza inanyonya vumbi. Ukilipitisha barabara ya Handeni hata mara moja, nitakwangua upya, nawe utalipa upya."

"Gari ni la nani?"

"Bati ni lako. Kazi ni yangu."

"Kazi nimeilipia!"

"Umelipia nusu. Basi chukua milango miwili."

Tuligombana mpaka wapagazi wa stesheni wakaja kutazama. Nilipoona nashindwa kwa maneno nikawa mdogo kabisa, kama mtoto aliyenyimwa. Nilichukua kopo la rangi nyekundu lililobaki, kwa kuwa nililinunua mimi. Nikachukua na matambara yake. Halafu nikachukua ule mpira wake wenye mdomo wa shaba, nikavitia vyote kwenye buti la gari.

"Mpira wangu!" akapiga kelele.

"Utaupata ukimaliza gari langu. Sitaki umpulizie mtu mwingine kabla yangu."

Nikaondoka na gari langu nikiona nimefanya jambo la kiume sana. Yaani sijawahi kujiona mwerevu kama jioni ile.

Asubuhi, baada ya ibada, nilimpitia mshenga wangu. Matayo alivaa koti, viatu amevifuta kwa mafuta ya nazi. Alisimama mlangoni pa gari bila kuingia.

"Mbona jekundu?"

"Ni rangi ya kwanza."

"Na ya pili iko wapi?"

"Inakuja. Ingia."

Tulivuka daraja la mto, tukashika njia ya Handeni. Vumbi likapanda, likashuka juu ya gari, likabaki huko kama fundi alivyosema.

"Fedha umebeba?" Matayo akauliza.

"Zipo posta. Leo Jumapili, posta imefungwa."

"Jumapili hii uliijua tangu mwezi wa sita, mgosi."

"Mwambie mzee zipo salama kuliko mfukoni. Halafu mwonyeshe gari."

Matayo akageukia dirisha. Alikuwa mshenga wa ndoa nane, na nadhani hapo ndipo alipoanza kuijutia ya tisa.

Karibu na Sindeni tulikutana na mtu juu ya baiskeli. Alipotuona aliiangusha baiskeli katikati ya njia, akaingia kwenye mihogo.

"Yule ana haraka," nikasema, nikaizunguka baiskeli.

Mbele kidogo wanawake watatu walikuwa na ndoo za maji kichwani. Walizitupa zote tatu. Kisha yowe likapigwa upande wa kulia, likajibiwa upande wa kushoto, na baragumu likalia mahali fulani nyuma ya nyumba. Nilidhani kuna moto.

Matayo ndiye aliyefahamu kwanza.

"Simamisha."

"Kwa nini?"

"Simamisha nishuke! Mgosi, gari ni jekundu!"

Sikusimamisha. Alifungua mlango akaruka hivyo hivyo, akabingirika, akainuka na kiatu kimoja, akatokomea alikotokomea mwenye baiskeli.

Vijana mnaosoma leo mtauliza, gari jekundu lina nini? Miaka ile, kila mtu alikuwa na habari za mumiani. Ilisemekana kwamba gari jekundu hupita vijijini, kwamba mtu aliyekamatwa hutiwa mpira mwilini akakamuliwa damu, na damu hiyo hutengenezwa dawa ya watu wakubwa. Hakuna aliyewahi kuliona. Kila mtu alikuwa na shemeji aliyeliona.

Na mimi, msomi wa darasa la sita, karani wa mizani, nikaingia Sindeni Jumapili mchana kweupe na gari jekundu lisilo na hata alama moja ya rangi nyingine.

Walinizunguka kabla sijazima injini. Mapanga, marungu, mchi wa kutwangia. Nyuso nyingi nilizijua. Mmoja alikuwa mtu aliyenishika mkono kanisani wakati wa Pasaka na kuniuliza habari za wazazi wangu.

"Shuka!"

Nikashuka. Halafu nikafanya kosa la kucheka. Nilicheka kwa sababu jambo lilikuwa la kipuuzi, na kwa sababu nilikuwa naogopa. Wao hawakuona kicheko cha woga. Waliona mtu aliyekamatwa na damu za watu, naye anacheka.

Mzee Ponsiano akapenya akiwa na koti lake la kanisani.

"Jamani, huyu ni Bonaventura! Ni mkwe wangu mtarajiwa. Namfahamu."

"Ndivyo wafanyavyo," akajibu yule wa Pasaka. "Mumiani hawamtumi mgeni. Wanamtuma mnayemfahamu."

Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo. Hata Mzee Ponsiano, naapa, alirudi hatua moja akanitazama upya.

"Fungua nyuma!"

Sikutaka kufungua nyuma. Nilikuwa nimekumbuka kilichomo. Walifungua wenyewe.

Kwanza walitoa matambara, yamekakamaa kwa wekundu. Akina mama wakalia. Halafu kopo. Mtu akachovya kijiti, kikatoka chekundu, kizito, kinadondoka. Akanusa, akakunja uso.

"Imetiwa dawa," akatangaza.

Mwisho wakatoa mpira. Waliuvuta kutoka kwenye buti, wakauvuta, nao ulikuwa hauishi, na mdomo wake wa shaba ukaning'inia mbele ya macho ya watu wote. Yowe lililopigwa hapo sijalisikia tena mpaka leo.

"Ni rangi!" nikapiga kelele. "Ni rangi ya gari!"

"Nani anapaka gari rangi ya damu?"

"Si ya mwisho! Juu yake inakuja buluu!"

"Ahaa," akasema yule wa Pasaka, akiwageukia wenzake. "Kwa hiyo mnaificha."

Wakazidi kunisogelea. 

Aliyeniokoa kwa dakika ile ni Zumbe, mkuu wa eneo lile, aliyefika na fimbo yake na watu wawili. Alinyamazisha watu. Alipenda mambo yaende kwa utaratibu, kama barazani.

"Una shahidi kwamba hii ni rangi?"

"Ninaye, Zumbe. Mshenga wangu, Matayo. Nilikuja naye."

"Yuko wapi?"

"Amekimbia."

"Kama ni rangi, amekimbia nini?"

Panga moja liligusa kiwiko changu. Sikugeuka kuona ni la nani.

"Una hati yoyote?" akauliza Zumbe. "Karatasi?"

Nilikuwa nayo. Nilipiga mfuko wa shati, nikaikuta stakabadhi ya Fundi Habakuki imekunjwa mara nne. Niliitoa na kuipunga juu kwa furaha. "Hii hapa! Imeandikwa kila kitu! Rangi ya kwanza nyekundu, imeandikwa!"

Zumbe hakujua kusoma. Karani wake alikuwa amepeleka kodi bomani Handeni. Aliwatazama watu, watu wakatazamana.

"Binti yangu ana darasa la sita la misheni," akasema Mzee Ponsiano. "Asome yeye."

Justa akatokea katikati ya wanawake. Alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya siku ile. Alikuwa msichana wa maneno machache, na barua zangu za mapenzi alikuwa akinirudishia zimesahihishwa kwa kalamu ya risasi. Aliponyoosha mkono, nikampa karatasi.

Na karatasi ilipotoka vidoleni mwangu ndipo nikakumbuka.

Hapa lazima niwaambie jambo nililoliruka kwa aibu. Siku nilipolipa ile mia ya mwisho, nilijaribu kumlainisha fundi. Nilimwambia, "Nionee huruma, fundi, hii ni fedha ya mahari." Nilidhani atapunguza bei. Badala yake alichukua kitabu chake cha stakabadhi, akavaa miwani.

"Vizuri umesema," akaniambia. "Niliwahi kuburuzwa barazani Tanga na mkwe wa mtu, akidai mahari ya bintiye nimeipulizia kwenye lori. Siku hizi naandika fedha inakotoka, ili asije mtu baadaye kuniuliza."

Ndivyo alivyoandika, kwa mwandiko wake mkubwa wa kiburi: *Nimepokea kwa Bw. Bonaventura, karani, Sh. 300, fedha ya mahari, kwa kukwangua gari, bati, puti, msasa na rangi ya kwanza nyekundu. Bado Sh. 70. Fedha ya mahari hairudishwi hata mkwe akija.*

Justa alisoma kimya. Macho yake yalikwenda mpaka mwisho wa karatasi, yakarudi juu, yakaenda tena. Sikuona hasira. Ningeona hasira ningejua la kufanya. Aliinua uso, akanitazama kama mtu anayetazama bei ya kitu dukani.

Nisiposafishwa na karatasi ile, nakatwa. Nikisafishwa nayo, nimemkosa Justa mbele ya kijiji chao. Nilisimama nikimwomba Mungu, na sikujua nimwombe lipi.

"Soma kwa sauti," akasema Zumbe.

Akasoma. 

"Nimepokea kwa Bwana Bonaventura, karani, fedha kwa kukwangua gari, bati, puti, msasa na rangi ya kwanza nyekundu." Akaikunja. "Imetiwa sahihi na Habakuki, fundi wa rangi, Korogwe."

"Ndiyo hivyo tu?"

"La rangi ni hilo tu, Zumbe."

Zumbe akaenda kwenye gari, akakwaruza mlango kwa ukucha, akatazama ukucha. Akakwaruza tena kwa pete. Ulaini wangu wa shilingi mia tatu ukapata mistari miwili.

"Ni rangi," akasema. "Nendeni majumbani."

Mapanga yakashuka. Wengine walionekana wamesikitika kabisa, wametoka mashambani mbio hivyo kwa ajili ya kopo la rangi. Yule wa Pasaka, aliyekuwa tayari kunigawanya, alinikaribia akauliza nauli ya kwenda Handeni mjini ingekuwa kiasi gani.

Mimi nilikuwa namtazama Justa. Moyo wangu ulikuwa umejaa. Nilisema, ameliruka neno mahari kwa makusudi, amenisitiri, huyu ananipenda mimi kuliko fedha. Machozi yalinilenga. Nilikuwa mjinga wa daraja la kwanza, na bado sikuwa nimemaliza.

"Sasa tuje kwenye letu," akasema Mzee Ponsiano, akikung'uta koti. Aibu ya kunitilia shaka ilikuwa bado usoni mwake, akawa mpole kuliko kawaida. "Leo ndiyo Jumapili tuliyoagana, mwanangu. Salio umekuja nalo?"

"Lipo posta, mzee. Leo imefungwa."

Justa akauliza, taratibu, "Lipo posta?"

Sauti ile ilikuwa mlango. Alikuwa ameufungua na kusimama pembeni ili nipite. Ningesema kweli pale, kwa maneno matatu, huenda leo ningekuwa nawaandikia habari nyingine.

"Lipo," nikasema.

"Lote?"

"Lote. Mia tatu. Sijagusa hata senti."

Nikamkonyeza kidogo, msije mkasema kuna ujinga nilioubakiza. Mimi na yeye, wawili wajanja, tunajuana.

Justa akatabasamu. Akaiingiza stakabadhi kifuani mwa gauni lake, akamgeukia baba yake.

"Baba, kesho posta inafunguliwa saa mbili. Gari lipo na dereva yupo. Twende naye sasa hivi, tukalale kwa shangazi Efrazia pale Korogwe, na asubuhi atuhesabie mbele ya karani wa posta. Kwa nini mtu mzima usumbuke kungoja hapa?"

"Umesema vema," akasema Mzee Ponsiano. Uso wake ulikunjuka wote. "Umesema vema sana. Na gari nimeona sasa si debe."

"Na Zumbe aje awe shahidi wetu," Justa akaongeza. "Ameona taabu aliyoipata Bonaventura leo. Aone na mwisho wake."

Zumbe hakuwa amewahi kupanda gari dogo. Alisema kwamba kazi ya serikali ni kazi ya serikali, akaketi mbele kabla hajakaribishwa, fimbo katikati ya magoti.

Nikasema taa hazifanyi kazi. Zumbe akasema tutafika kabla ya jua kuzama. Nikasema tairi la nyuma limechoka. Mzee Ponsiano akalipiga teke, akasema ni zima. Nikasema rangi ya kwanza hainyeshewi, na kwamba mvua inaweza kuja. Wote wakatazama mbingu ya Agosti, haina hata wingu, kisha wakanitazama mimi.

Mzee Ponsiano akaingia nyuma na kikapu cha ndizi cha kumpelekea dada yake. Justa akaingia akaketi nyuma ya kiti changu, karibu kabisa na shingo yangu.

Nikaenda mbele na hendeli ya kuzungushia injini. Gari lile asubuhi yoyote lilitaka mizunguko ishirini, na matusi, na watu wanne wa kulisukuma. Nilizungusha mara moja tu, kwa mkono wa mtu anayetaka lisiwake.

Likawaka.

Nilirudi, nikashika stelingi. Watu walewale wa mapanga walitufungulia njia, wengine wakapunga mkono. Justa akainama mpaka pumzi yake ikanigusa sikio.

"Endesha polepole, Bonaventura," akaninong'oneza. "Nataka ufike."